Bagamoyo si ya wiki moja ya tamasha: tuzungumze sanaa ya mji wa chuo

MtotoWaDunda (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Tamasha la Bagamoyo likikaribia, simu yangu haipumziki. Ndugu, marafiki, hata watu niliosoma nao darasa la nne, wote wanauliza: linaanza lini, siku ipi ngoma zinakolea, pa kulala patapatikana? Nawajibu wote kwa furaha. Likishapita, hakuna anayepiga tena mpaka mwaka ugeuke. Juzi swahiba wangu wa Dar kaniambia, "Bagamoyo pazuri, ila tamasha likiisha mji unakufa." Sikumjibu palepale. Nimekaa na neno hilo siku tatu, nikaona bora nililete hapa, maana sidhani kama ni yeye peke yake anayefikiri hivyo.

Mimi ni mzaliwa wa Dunda, hapa hapa Bagamoyo, na chuo cha sanaa nimekikuta. Kwa wasiojua, kilianza 1981. Kabla ya hapo serikali ilikuwa na vikundi vya taifa: cha ngoma, cha sarakasi na cha maigizo. Vikavunjwa, ikaonekana afadhali kuwe na shule ya kuwafundisha vijana ambao wangekwenda kuanzisha vikundi kila pembe ya nchi. Baadhi ya wasanii wale ndio waliokuwa walimu wa mwanzo. Tangu 2007 chuo ni wakala wa serikali na jina rasmi ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Mtaani tunaita chuo, basi. Tamasha nalo lilizaliwa humo humo mwanzoni mwa miaka ya 1980, ili wanafunzi na walimu wawaonyeshe wananchi kazi zao. Yaani tamasha ni mavuno. Watu wanakuja kula mavuno, shamba hawajawahi kulitia macho.

Na mimi nataka kulisemea shamba.

Siku ya kawaida, wiki ambayo hakuna bango wala jukwaa lenye taa, alasiri jua likianza kulegea utaona moshi mwembamba chini ya minazi. Si jiko hilo. Ni wanafunzi wamewasha makuti makavu wanapasha ngoma. Upepo wa bahari una unyevu, ngozi ikikaa usiku mmoja inalegea, ukiipiga inatoa sauti ya gunia. Basi wanaigeuza uso kwa moto, wanaipitisha juu ya ndimi kwa haraka isiungue, wanagonga kidole katikati, wanasikiliza, wanairudisha. Sauti inapanda kidogo kidogo mpaka inafika pale mpigaji anapotabasamu. Ukiwa mtoto wa mji huu unaijua sauti hiyo kabla hujajua kusoma. Mimi nikiwa nyumbani nasikia vumi, ile ngoma ya sauti nzito, limeshakaza, chapuo, ile ndogo, bado, najua nina muda wa kumaliza chai.

Halafu mazoezi yanaanza. Pale utaona kitu ambacho tamashani hukipati hata kwa dawa: kosa. Kijana anapiga msewe wa Pemba, ametoka bara kabisa, mguu wenye njuga unachelewa nusu pigo nyuma ya ngoma. Mwalimu anasimamisha. Wanarudi. Anachelewa tena. Wanarudi mara kumi na mbili, nimehesabu. Mara ya kumi na tatu njuga zote zikaanguka pamoja kama mtu mmoja mwenye miguu ishirini, na nywele zikanisimama, mimi niliyeuona msewe tangu utoto. Huko tamashani ningepiga makofi tu kwa sababu ni nzuri. Pale nilijua imetoka wapi.

Jambo la pili ni watoto. Mazoezi yakiwa karibu na njia utawakuta wamejipanga, wengine wamebeba wadogo zao mgongoni. Hawajui kwamba wimbo ni wa Wagogo au wa Wamakonde, lakini kiitikio wanakijua chote. Siku moja mwimbaji alitoa wito, wenzake walikuwa wanahema, hakuna aliyeitika. Watoto wakaitika kutoka nje, kwa sauti moja, kwenye ufunguo uleule. Yule dada akacheka, akawatolea wito wa pili wao peke yao.

Hapo ndipo moyo wangu unapouma na tamasha tunavyolihudhuria. Sisi watu wazima tunakuja tumeinua simu. Ngoma inatuita, hatuitikii. Ngoma isiyoitikiwa ni nusu, hata ikipigwa na mafundi watupu.

Naomba mchango wenu. Mliowahi kufika siku za kawaida semeni mliyoyaona. Mnaopinga pia karibuni.

Mgeni_wa_Tegeta

Mkuu nimesoma mpaka mwisho. Nipo Tegeta, Bagamoyo si mbali na mimi, lakini nakiri nimekwenda mara mbili tu na zote wakati wa tamasha. Swali langu ni la kawaida: mtu unaingiaje? Kile ni chuo, watu wako darasani. Nitasema nimekuja kufanya nini?

MtotoWaDunda

Swali zuri, na jibu lake ni adabu tu. Getini unasalimia, unajieleza kwamba unapenda sanaa na ungependa kutazama mazoezi au maonyesho kama yapo. Wakikwambia leo kuna mitihani, unashukuru unaondoka, mji una mengine ya kuona. Wakikuruhusu, unakaa pembeni. Usipige picha kabla ya kuomba, watu wako kazini na wengine wamevaa nguo za jasho.

Gari za huku unapandia Makumbusho, au kwa kuwa uko Tegeta unalisubiri barabarani. Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga, umefika. Ukiwahi asubuhi pita Mji Mkongwe kwanza, uone Ngome Kongwe na Caravan Serai walikopumzika wapagazi wa misafara kutoka Ujiji na Tabora. Nao walifika na ngoma zao. Mji huu ulikuwa unapokea ngoma za bara miaka mingi kabla chuo hakijafikiriwa.

JembeBegani

Mleta uzi umeandika kwa mapenzi na nakuheshimu kwa hilo. Ila mimi nitapinga, na nitapinga kwa moyo mweupe.

Mimi ni Msukuma wa Magu. Bugobogobo nimeikuta nyumbani ikiwa kazi. Watu wako shambani, mstari mmoja, ngoma kubwa nyuma yao, wimbo ndio unaopanga jembe lishuke lini. Mwimbaji akichoka, shamba linachoka. Mavuno yakishaingia ndani ndipo ngoma inakwenda uwanjani kushindana. Pale Bujora, huko kwetu Usukumani, wakati wa sikukuu ya Bulabo mwezi Juni, utakuta makundi mawili ya ngoma yanayoshindana, Bagika upande huu na Bagalu upande ule, wote wanacheza kwa wakati mmoja. Hakuna jaji mwenye karatasi. Watu ndio wanaohama. Kundi likipoa, umati unalikimbia mbele ya macho yake unakwenda kwa mwenzake, na kiongozi wa ngoma lazima atafute jambo palepale la kuwarudisha: wimbo mpya, kichekesho, nyoka, jembe la kurusha hewani. Saa nyingi namna hiyo.

Sasa nilikuja Bagamoyo nikaiona bugobogobo jukwaani. Vijana wazuri, miili inatii, sare zinang'aa. Dakika nane. Wamejipanga wanatutazama sisi kama wanapigwa picha. Jembe linazungushwa vizuri kuliko hata kwetu, nasema kweli. Lakini yale majembe yalikuwa masafi. Hayana hata chembe ya udongo. Nikajisikia kama mtu aliyeonyeshwa picha ya mama yake.

Kwa hiyo mleta uzi, unaposema tukaone shamba, kwangu shamba si mazoezi ya chuo. Shamba ni Magu, ni Newala, ni Bahi. Huko chuoni ni ghala.

Mgeni_wa_Tegeta

Hoja nzito. Wenyewe wa chuo mko wapi mjibu?

NjugaMguuni

Nipo. Nimesoma hapo chuoni miaka ya nyuma, sasa nafundisha watoto wa shule ngoma na maigizo. JembeBegani, shikamoo, maana kwa maelezo yako umenizidi umri.

Majembe masafi ni kweli. Sitayapaka udongo hapa ili nishinde hoja. Lakini ngoja nieleze yalisafishwaje, kwa sababu hayakusafishwa na wavivu.

Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alipoapishwa kuwa Rais aliunda wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana. Katika hotuba ile alisikitika kwamba wasomi wa wakati ule walikuwa wanacheza rumba na chachacha, lakini akiuliza gombe sugu, mangala, kiduo au lele mama, wengi hawajawahi hata kuzisikia. Hapo ndipo wazo la kikundi cha taifa lilipoota. Wakatafutwa mafundi vijijini, kila mmoja na ngoma yake, wakakaa pamoja. Sasa fikiria kazi waliyopewa: Mgogo amfundishe Mmakonde, Mmakonde amfundishe Mngoni, na wote wacheze mbele ya Watanzania ambao hawajui lugha ya wimbo wala sababu ya ngoma. Mduara ukafunguliwa ili anayetazama aone. Wimbo wa saa mbili ukapunguzwa, maana zipo ngoma sita za kucheza usiku huohuo. Sindimba, ambayo kwa Wamakonde ina mizizi yake katika mambo ya jando na unyago, ikavuliwa siri zake ndipo ikapanda jukwaani. Kilichopotea kilipotea, na nikiwa mwalimu nawaambia wanafunzi wangu waziwazi kwamba kimepotea.

Lakini nikueleze na nilichokipata mimi. Nimetoka Kagera. Kabla ya chuo sikuwahi kuwa na sababu yoyote duniani ya kujua Mpemba anakanyagaje ardhi. Tulifundishwa kwa mwili. Hakuna anayeandika ubaoni "hatua ya kwanza". Mwalimu anapiga, unaangalia miguu yake, unafuata. Ukikosea hakwambii umekosea nini, anasema "sikiliza vumi", anaendelea. Mimi wiki mbili nilikuwa nafuata chapuo, kwa sababu ndiyo inayolia kwa haraka na inashika sikio la mgeni. Siku niliyoacha kuifuata nikashuka chini kwenye vumi, miguu ikajipanga yenyewe. Nikaenda likizo nyumbani, nikakaa kwenye ngoma yetu wenyewe ya harusi, na kwa mara ya kwanza nikaisikia sauti ya chini ambayo sikuwahi kuigundua kwa miaka ishirini ya kukua nayo. Yaani nilijifunza kwetu kwa kupitia Pemba.

Kwa hiyo ghala nakubali. Ila mbegu za msimu ujao zinakaa humo.

JembeBegani

Marahaba mwanangu. Hiyo ya vumi imeniingia. Kwetu pia mgeni anadanganywa na ngoma ndogo.

Msimamo wangu wa jukwaa bado upo. Lakini sikujua kama mnaambiwa wazi kilichoachwa. Hilo linanipa nafuu.

BibiZeze

Hamjambo wanangu. Mimi ni Mgogo, Bagamoyo nimekuja na mume wangu zamani nikabaki. Mnataja Wagogo kwa kupita, naona niseme kidogo.

Mwenyewe hasa aliyeifanya Bagamoyo isikike duniani kwa muziki wa asili ni Hukwe Zawose. Alitoka Dodoma, Mwalimu ndiye aliyemwita, akaingia kikundi cha taifa, baadaye akahamia hapa na kufundisha. Alifariki Desemba 2003. Watu wa nje wanakumbuka sauti yake, ile ya kutoka kifuani chini kabisa mpaka ikawa kama filimbi. Mimi nakumbuka zaidi kwamba kwa sababu yake ukoo mzima ulihamia pwani, na mpaka leo ukipita karibu na nyumba zao unasikia ilimba na zeze. Mtoto wa pale anajifunza ilimba kama watoto wengine wanavyojifunza kuendesha baiskeli, kwa kuanguka.

Lakini ninalotaka kusema ni la wanawake. Kwetu mwanamke ngoma yake ni muheme. Anaibana kati ya mapaja anaipiga, na ni wanawake ndio wenye ngoma hiyo, mwanamume anacheza pembeni. Zeze na ilimba vilikuwa mikononi mwa wanaume. Mwanamke aliimba nyuma na kucheza. Sauti zetu ndizo zilizojaza wimbo, lakini kamba hatukugusa. Sasa hawa mabinti, Pendo na Leah, binti na mjukuu wa mzee, wakashika zeze, wakashika ilimba, wakasimama mbele. Mwaka 2024 wakatoa albamu yao wakiitwa The Zawose Queens, na lebo ileile ya Uingereza iliyotoa kazi za mzee, Real World. Mimi nilipowasikia nilikaa chini. Mama yangu alikuwa na sauti hiyo na hakuna aliyewahi kumpa zeze.

JembeBegani, unalilia udongo kwenye jembe, nami nakuelewa. Ila huku mjini, mbali na wazee wa kule nyumbani, ndiko binti alikopata nafasi ya kushika kamba. Kijijini labda angesubiri sana.

JembeBegani

Mama, shikamoo. Hapo sina la kuongeza. Umenifunga.

Kizito88

Samahani mama, ilimba ndiyo marimba? Na ule mlio wa kukwaruza kama nyuki ndani ya kopo, ni chombo kibovu au ndivyo kilivyo? Nilimwona mmoja akipiga nikadhani kimepasuka.

BibiZeze

Ni marimba ya mkono, ndiyo, ile ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Ilimba ni jina letu. Na ule mlio wa nyuki ndiyo utamu wenyewe. Sanduku lina tundu, na juu ya tundu wanabandika utando wa buibui, ule mweupe mgumu wa kutunzia mayai. Hewa ikitikisika ndani, utando unalia. Ukiutoa, ilimba inabaki na sauti tupu kama mtu asiye na meno. Tena katika zile kubwa si kila chuma kinaguswa. Vingine vipo kwa ajili ya kuitikia tu, mwenzake akipigwa navyo vinatetema.

Kwa hiyo mwanangu MtotoWaDunda, hilo la kuitikia unalolisema, ndani ya ilimba limo.

MtotoWaDunda

Mama BibiZeze, nimeishi mji huu maisha yangu yote na hilo la vyuma visivyoguswa nalisikia leo. Ahsante sana.

FundiTaa

Naongeza la ukumbi, kwa kuwa umri wangu unaruhusu. Wengi wanaokuja sasa hawajui kwamba ukumbi wa kwanza wa chuo uliungua mwaka 2002. Ulikuwa na paa kubwa la makuti, refu, na sauti ya mtu ilikaa ndani yake vizuri ajabu. Bati linarudisha sauti kwa ukali, makuti yanaimeza kidogo na kukuachia ile iliyo nzuri. Mwigizaji hakuhitaji kupiga kelele. Makuti nayo na moto mnajua wenyewe.

Ilichukua miaka mpaka ukumbi mwingine ukasimama kwa msaada wa Sweden na Norway. Katika miaka ile ya katikati sanaa haikusimama hata siku moja. Maonyesho yalikwenda nje, kwenye mchanga, chini ya miti. Na nitasema ninavyoamini: baadhi ya maigizo bora niliyowahi kuyafungia taa niliyafunga kwenye mnazi. Hakuna pazia, mwigizaji anatoka gizani, anaingia gizani, bahari inanguruma nyuma yake na anapaswa kujua wimbi linapanda lini ili neno lake lisizame. Huo ni ufundi ambao ukumbi wa ndani haukufundishi.

MamaNtilie_Magomeni

Mimi naomba niseme la upande wetu, maana naona mnaandika kama tamasha lina hatia.

Mimi napika. Wiki ya tamasha nauza sahani ambazo miezi mingine sizioni, na ada ya binti yangu imelipwa na wiki hiyo zaidi ya mara moja. Anayesafisha vyumba, dereva wa bodaboda, anayechonga, anayesuka mikeka, wote tunaisubiri. Kwa hiyo msije mkasema watu wasije. Waje. Waje na siku nyingine pia, hapo nakubaliana na mleta uzi, wali wangu upo mwaka mzima.

La pili, mnazungumza chuo tu. Sanaa ya mji huu haikuletwa na chuo. Hiyo lele mama aliyoitaja Mwalimu, ngoma ya wanawake, bibi yangu alikuwa mwanachama wake, na sare zao walishona wenyewe kwa mchango. Pwani yote hii watu walikuwa na vikundi vya ngoma ya beni, Marini na Arinoti, wanashindana kwa mavazi na karamu mpaka wanauza walivyonavyo. Na mpaka leo kukiwa na shughuli, mwali anatolewa au kuna harusi, mdundiko unapita. Mdundiko wa Wazaramo haukai mahali. Unatembea. Unaanza nyumba ya shughuli, unashika njia, kila mlango unatoa mtu, mpaka mwisho unajikuta umefika mtaa usioujua na kanga moja mkononi. Tulikuwa tukionywa utotoni tusiufuate, watoto walipotea kweli.

Na ukicheza vizuri unatunzwa. Mtu anainuka, anakuja na noti yake anakubandika kipajini, anacheza na wewe kidogo, anarudi kukaa. Sasa huko kwenye hoteli moja ya ufukweni nimewahi kupika, wakaja vijana kucheza kando ya bwawa la kuogelea. Wageni wakawa wanakula. Hakuna aliyeinuka. Kijana mmoja alicheza mpaka magoti yakatetemeka, wimbo ukaisha, ikasikika milio ya uma kwenye sahani. Nilitoka jikoni na aproni yangu nikamtunza elfu mbili yangu mwenyewe. Nilifokewa baadaye, lakini singeweza kukaa.

NjugaMguuni

Mama, umenitoa machozi. Kila aliyewahi kucheza mahali kama pale anajua ukimya huo. Mguu unakuwa mzito kama umefungwa mchanga. Noti ya elfu mbili usiku ule ina thamani kuliko malipo yote ya hoteli.

MtotoWaDunda

Mama Magomeni nimekosea kuandika kana kwamba tamasha lina hatia, na nakubali. Halina. Kosa liko kwetu tunaokwenda tukiwa macho matupu bila mdomo.

Na ulilosema la mtaani ni kweli kabisa. Pengine ndiyo sababu wale watoto wanajua kuitikia, wameanza kwenye mdundiko wakiwa mgongoni kwa mama zao.

Mgeni_wa_Tegeta

Narudi wakuu. Nimekwenda. Siku ya kazi, niliomba ruhusa nusu siku ofisini.

Getini nilisema kama mleta uzi alivyoelekeza, sikupata shida yoyote. Kulikuwa na wanafunzi kama kumi na tano hivi, wanafanya ngoma ambayo sikuijua, baadaye nikaambiwa ni lizombe ya Wangoni. Moshi wa makuti niliukuta. Nilikaa kwenye mzizi wa mti, simu mfukoni. Dakika ishirini za kwanza nilikuwa najisikia vibaya, sijui mikono niiweke wapi, nimezoea kushika kitu mbele ya uso wangu. Walirudia sehemu moja mpaka nikaanza kuijua mimi mwenyewe: kuna mahali wanaume wanainama wote na mwimbaji anabaki peke yake juu, kisha wanajibu kutoka chini.

Kulikuwa na mtoto wa kike karibu yangu, miaka minane au tisa. Aliniona midomo inacheza. Akaniambia, "Siyo hivyo, subiri amalize." Kweli nilikuwa nawahi. Nikasubiri. Akaniashiria kwa mkono, tukaitika pamoja, sauti yangu ikatoka mbaya lakini ilitoka kwa wakati. Mpiga ngoma aligeuka akatutazama, akaongeza pigo moja ambalo hakuwa amelipiga kabla. Lile pigo lilikuwa letu, nina hakika.

Jioni nilikula kwa Mama, Magomeni ya hukohuko Bagamoyo si mbali. Nilimuuliza mpaka nikampata.

MamaNtilie_Magomeni

Alikula sahani mbili. Karibu tena baba.

JembeBegani

Nimesoma hiyo ya pigo la nyongeza mara tatu. Ndiyo hiyo niliyokuwa naitafuta jukwaani sikuiona. Bujora inatokea kila dakika: umati ukisogea, ngoma inabadilika. Kumbe kwenye mazoezi ipo, kwa sababu hakuna anayekimbizana na saa.

Mwezi wa kumi na mbili nitakuwa Dar kwa mwanangu. NjugaMguuni, nikifika nataka kuwaona hao wanaofundishwa bugobogobo. Nina jembe la marehemu baba, mpini ni ule ule. Sitakuja kukosoa. Nitawaeleza tu wimbo ule wa kupalilia unasema nini, wengi wanauimba bila kujua.

NjugaMguuni

Mzee wangu, nitaongea na walimu wangu wa zamani kabla hujafika, waandae vijana. Jembe lije hivyohivyo lilivyo, tafadhali usilioshe. Njoo siku ya katikati ya wiki, saa tisa alasiri. Ndipo makuti yanapowashwa.